Moshi Kwenye Injini ya Mkunga

Walimwita Sikio, na jina lilimkaa. Gari lilikuwa likikata kona tu kuingia gerejini, naye keshajua kama ni plagi au beringi. Wateja walipenda kumtazama akiinamisha kichwa juu ya injini, macho kayafumba, kama mtu anayenong'onezwa siri.

Kisha homa kali ikamlaza, na alipoinuka, dunia ilikuwa imenyamaza. Daktari alimwandikia kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi.

Alikaa nyumbani akitazama ukuta. Mkewe alimvumilia hadi uvumilivu ukamwishia, akaenda kusimama mbele yake ili amsome midomo.

"Unalilia masikio," akamwambia. "Kwani mimi ulikuwa unanisikia?"

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. Wiki hiyo hiyo akarudi kazini na mashine ndogo ya mitumba, ile inayochomekwa chini ya usukani ikatoa namba za hitilafu.

Mwanzoni ilimtia aibu. Mashine ikitaja sensa, kile kifaa kidogo cha kupimia injini, yeye anabadilisha sensa. Kesho yake gari limerudi na taa ya injini inawaka vilevile. Akawarudishia watu pesa zao, akaomba radhi, akaanza kujifunza upya. Taratibu ikamwingia akilini kwamba namba husema injini inalalamikia nini, ila haimtaji aliyeikosea. Huyo lazima umtafute mwenyewe.

Ndipo mkunga mmoja akaleta kigari chake. Kilitetemeka kila kiliposimama, na mara nyingine kilizima njiani akikimbilia kwa mzazi. Gereji mbili zilikwisha kubadilisha sensa ya kwenye ekzosi, bomba la kutolea moshi, na taa ilirudi pale pale. Fundi breki wa jirani alikuwa amekitegea sikio asubuhi nzima, akanyoosha mikono. Mkunga alisema amechoka, anakiuza.

Sikio alichomeka mashine. Namba ilisema hewa imezidi, mafuta hayatoshi. Hakugusa sensa. Alimwomba mkunga akanyage mafuta kidogo, aachie, akanyage tena, huku yeye akifuatilia tarakimu kwenye kioo cha mashine. Injini ikienda mbio, zinatulia. Ikipoa mwendo, zinapanda. Akatikisa kichwa taratibu. Sensa ilikuwa ikisema kweli muda wote. Kulikuwa na hewa inayojiingiza kwa mlango wa nyuma, na injini inapovuta kidogo ndipo hewa hiyo inapoonekana nyingi.

Tundu la namna hiyo hupiga mluzi mwembamba. Zamani angelipata kabla chai haijapoa.

Alizima injini. Akachukua kopo, akatia kitambaa chenye oili, akakiwasha mpaka kikafuka, akafunga kifuniko chenye mirija miwili, kisha kwa pampu ya baiskeli akausukuma moshi ndani ya njia ya hewa. Wote watatu, yeye, mkunga na fundi breki aliyekuja kutazama, wakainama. Kwa muda hakikutokea kitu, na fundi breki akaanza kujikuna shingo. Mara uzi wa moshi ukachomoza nyuma ya injini, chini kabisa, mahali ambapo mkono hupita kwa shida. Sikio akapenyeza vidole, akatoa mpira mwembamba wa kupitishia hewa, uliopasuka upande wa chini.

Aliweka mpya, akafuta namba, akamwambia mkunga alizungushe gari mjini mchana kutwa, asimame kwenye kila foleni. Jioni alirudi, akashuka akiwa ameacha injini inanguruma. Sikio akalaza kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Haikutetemeka. Taa ilikuwa imezimika.

Mkunga hakuuza gari. Fundi breki naye alikuja siku iliyofuata, akasimama ambapo midomo yake ingeonekana vizuri.

"Kaka, lile kopo," akasema, "nifundishe kulitengeneza."

Sikio akamvutia kigoda, akaenda kutafuta kopo jingine.