Ng'ombe Anayeamka kama Mbwa

Watu wakisimama mbele ya picha zangu hupenda kuniambia nina kipaji. Wanalisema neno hilo kwa upole, kama wanampa mgonjwa pole, kisha wanasubiri nishukuru. Sishukuru. Kipaji ni neno la watu ambao hawakuwepo. Hawakuwepo nilipokuwa nachora herufi S kwenye kipande cha bati kutwa nzima, naifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, naichora tena, na jioni bado imeinama kama mlevi wa komoni. Na wanaolipenda zaidi ni wale wasioweza kujua picha ikidanganya. Nina haki ya kuwasema, maana nilikuwa mmoja wao, tena nikiwa na brashi mkononi.

Kazi nilijifunzia Mbeya, soko la Mwanjelwa, kwa mchora mabango mmoja ambaye soko zima lilimwita Fundi. Alikuwa mtu wa Usangu, mtoto wa wafugaji, aliyekuja mjini akaota tumbo. Alikuwa na kiti cha plastiki ambacho hakukiacha mpaka aone mteja. Kazi nilifanya mimi. Nilikuwa msichana pekee wa kupanda ngazi pale sokoni, na kila nilipopanda walijikusanya wanaume wasio na shughuli kunishauri. "Dada, utaanguka," walisema. Niliwajibu kwamba wakiendelea kusimama hapo nitawaangukia wao.

Nikimaliza bango, Fundi alikuja na brashi ndogo, brashi pekee aliyoiosha kwa mkono wake mwenyewe, akaandika jina lake kona ya chini kulia. Hivyo ndivyo alivyochora. Kwa miaka mitatu sikumwona akichora kitu kingine chochote, na bado watu walitoka Tukuyu na Chunya kumfuata fundi hodari wa Mwanjelwa.

Siku moja mwenye bucha ya jirani alitaka ng'ombe ukutani. Hakutaka ng'ombe aliyesimama tu. Alitaka anayeinuka kwenye majani, ili wateja waone nyama yake bado ina uhai. Mimi ni mtoto wa mjini. Ng'ombe nilimjua akiwa ananing'inia. Lakini kibandani kwa Fundi kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya farasi anayeinuka malishoni, nami nikaona farasi na ng'ombe wote wana miguu minne, tatizo liko wapi? Nikamchukua farasi, nikampa pembe, nundu na kiwele, nikampaka kahawia yenye mabaka meupe. Miguu ya mbele imenyooka, matako bado yako chini. Nilijiona nimemaliza dunia.

Fundi alimtazama yule ng'ombe kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akatoa brashi yake, akaandika jina. Nikamwomba, walau kwa kazi hii, jina langu likae chini ya la kwake.

Akacheka. "Wewe binti una mkono tu," alisema. "Jicho huna. Mchoraji ni jicho."

Niliondoka wiki ile ile. Sitadanganya kwamba niliondoka kwa heshima. Niliondoka kwa hasira, na maneno yale nikayabeba. Sikutaka utajiri wala sifa kwenye redio. Nilitaka kuthibitisha kwamba jicho ninalo, na nilitaka yeye ajue.

Nilikwenda Iringa kwa shangazi yangu. Njiani nilikaa Nyololo siku chache nikachora sahani ya wali na kuku kwenye ukuta wa hoteli ya madereva, na yule kuku alitoka na sura ya mfiwa. Mwenye hoteli alimsifu sana. Iringa nako walinisifu. Nilichora saluni, maduka ya dawa za kilimo, nyanya kubwa kama ngoma kwa wafanyabiashara wa Ilula, na kila mahali waliniambia nina kipaji. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma.

Ndipo kikundi cha wanawake wafugaji wakafungua duka la maziwa pembeni mwa mji, wakanipa ukuta mzima. Niliwaambia nina ng'ombe wangu maarufu kule Mbeya, watu husimama barabarani kumtazama. Nikawachorea yule yule, mara tatu ya ukubwa wake, na kona ya chini kulia nikaandika jina langu. Herufi zake zilikuwa kubwa kuliko kiwele.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mjane wa makamo ya bibi yangu, Mhehe, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Alifika asubuhi na ndoo ya maziwa, akaitua, akatazama ukuta.

"Kamwene, mwanangu. Huyu ng'ombe anaumwa?"

"Haumwi, bibi. Anaamka."

"Anaamka kama mbwa."

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja alijifuta machozi kwa upindo wa kitenge. Mimi, kwa ujinga uliokomaa, nikaanza kuwaelimisha. Niliwaambia hii ni sanaa, na msanii ana uhuru wake.

"Sawa, wewe una uhuru," akasema yule bibi. "Na ng'ombe je? Njoo nyumbani kwangu umwone anavyoamka. Ukishamwona, ukitaka kumwekea mabawa, mwekee."

Nilikwenda ili nimuumbue. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na zizi la mbao, na ng'ombe mmoja wa maziwa amelala anacheua. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nina mkaa na karatasi ya mfuko wa saruji. Ng'ombe alicheua. Nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi, naye akacheua. Alipoamua kuinuka, ilikwisha kabla sijagusa karatasi. Lakini niliona. Alipiga magoti ya mbele kama muumini, akarusha matako juu kwanza, akabaki hivyo kidogo, kisha ndipo akaukunjua mguu mmoja wa mbele na wa pili.

Kila mwanamke wa kikundi kile alilijua jambo hilo tangu utotoni. Wanaume waliopita njiani walilijua. Watoto wa darasa la pili walilijua. Asiyelijua alikuwa mchoraji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na katikati ya aibu ile nikaisikia sauti ya Fundi ikisema jicho sina. Kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba alisema kweli.

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Masika yote nilikuwa nikimaliza vibarua vyangu vya mchana nakwenda kukaa kwenye ndoo. Shangazi aliniuliza kama nimeanza kusomea udaktari wa mifugo. Michoro ya kwanza ilionekana kama meza iliyopinduliwa. Bibi alipita na pumba zake, akatupia jicho. "Mgongo umevunjika," alisema. "Huyu goti lake liko tumboni." "Huyu akiinuka hivyo anazaa hapo hapo." Kisha aliichukua michoro, akaenda kuwashia moto jikoni. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nilikuwa nampa mwenyewe.

Wapo wanaosimulia safari ya sanaa kana kwamba walitembelewa na malaika. Mimi nilitembelewa na nzi. Nilijifunza bega kabla ya goti, na goti kabla ya kwato, na kila nilichojifunza kilinionyesha kingine nilichokuwa nimekikosea kwa miaka mingi huku watu wakipiga makofi.

Mvua zilipokata nikaupaka ukuta wote chokaa, nikaanza upya. Safari hii sikuandika jina. Bibi alikuja na ndoo yake, akaitua, akasimama.

"Sasa anaamka," akasema, akaingia dukani.

Nilizunguka nyuma ya duka nikalia, na siogopi kusema hivyo. Sifa zote nilizopewa kabla ya hapo hazikufika uzito wa maneno yale mawili.

Kuanzia hapo kazi ilinifuata, polepole. Kuta za shule, kisha picha za turubai, kisha wanunuzi waliopanda kutoka Dar na kuniambia mambo ya ajabu kuhusu roho ya Nyanda za Juu Kusini. Kisa cha ng'ombe wa kwanza nilikisimulia mara nyingi, na nilikuwa na namna yangu ya kukisimulia. Nilisema, kule Mwanjelwa kuna ng'ombe wa Fundi anayeamka kama mbwa. Watu walicheka sana. Sikuwa nimesema uongo, maana jina la Fundi ndilo lililokuwa pale.

Mwaka jana nilirudi Mbeya kwa kazi, nikapita kibandani. Fundi alikuwa kwenye kiti kile kile, sasa na kompyuta mbele yake na mabango ya kuchapa kwa mashine. Alinitambulisha kwa wateja kama mwanafunzi wake, eti yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu. Wateja walipoondoka nikamuuliza.

"Fundi, wewe umekulia Usangu, umechunga. Ng'ombe wa bucha hukumwona?"

"Nilimwona siku ile ile," akasema bila haya. "Anaamka kama mbwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mteja alitaka ng'ombe, akapata ng'ombe. Ningekwambia ungefuta uanze tena, na siku zingekwenda. Ya nini?"

Miaka yote ile nilidhani nashindana na mtu mkubwa. Kumbe jicho alikuwa nalo yeye, zuri kabisa, amelifumba ili asinyanyuke kwenye kiti. Nilimdharau, na bado namdharau. Lakini nyani haoni kundule. Nikiwa nimesimama pale nikimdharau, nilikumbuka jinsi ninavyokisimulia kile kisa, na ni nani hasa aliyemchora ng'ombe yule.

Nikaazima ngazi yake na kopo la rangi. Bucha ilikuwa bado ipo, mwenyewe sasa ni mwingine, ng'ombe amepauka kidogo. Nilipopanda, mwenye bucha alitoka na kisu mkononi.

"Dada, usimguse ng'ombe wangu. Wateja wamemzoea."

Nikamwambia ng'ombe simgusi. Nililifuta jina la Fundi kwenye ile kona ya chini kulia, nikasubiri rangi ikauke, nikaandika la kwangu, kwa herufi za kawaida, S yake imesimama wima.

Yule bwana alilisoma, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe uliyemchora," akasema. "Aisee, una kipaji."

Nikashuka ngazi taratibu, na safari hiyo moja nikamwambia asante.