Siku Nilipotuliwa Mkungu

Harufu ya utomvu wa ndizi mbichi bado hunirudisha kijijini kwetu Nkunga, kwenye asubuhi ya ukungu ya sikukuu ya mavuno, nikiwa darasa la tano. Bibi alikuwa amenikatia mkungu wangu mwenyewe wa kupeleka kanisani, na mimi, mtoto niliyerudia kufua soksi safi kwa kuogopa doa, nikaanza kuukagua. Niliamini ukiwa na doa lolote Mungu angeukataa, na akiukataa basi amenikataa mimi. Kila ndizi yenye alama nyeusi niliichomoa. Kisha na jirani yake, ili zilingane. Bibi alipotoka jikoni, mkungu ulikuwa na upara.

"We mwana, umeunyoa?" Alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, nikutwishe twende. Babu yako naye alikuwa na upara, na Mungu alimpokea."

Sikucheka. Njia nzima mvua ilinipiga, ngata ya majani ya mgomba ikateleza, shingo ikauma, huku nikipanga moyoni maneno ya kujitetea.

Kwetu, mtu akifika na mzigo kichwani haulizwi amebeba nini. Anatuliwa kwanza. Tulipofika, mlangoni alisimama mzee wa kanisa, vidole vimepasuka kwa kuchuma chai.

"Shikamoo mzee. Huu wangu una..."

"Marahaba. Ngoja nikutue kwanza, mwanangu."

Akaunyanyua. Hakuutazama mkungu, alinitazama mimi. "Ndaga fijo," akasema, asante sana, akaulaza mbele pamoja na mikungu minene ya watu wazima. Nikabaki nimesimama, shingo nyepesi kama si yangu, na yale mahubiri yote juu ya Yesu na waliolemewa na mizigo yakaniingia kwa mara ya kwanza. Kumbe Yesu alikuwa ananisubiri mlangoni muda wote. Niliimba siku ile mpaka sauti ikakauka, na Bibi akanipigia kigelegele katikati ya wimbo.

Leo nashona nguo Msasani, kazi niliyojifundisha kwa kufumua na kushona tena. Bado nafumua mishono ambayo mteja asingeiona kamwe. Hofu ile haijahama, huamka nami. Ila zamani niliibeba mpaka jioni. Siku hizi, kabla sijagusa cherehani, nasema kwa sauti, hata fundi mwenzangu akinicheka: "Bwana, nitue kwanza." Kisha nakanyaga pedali, na mshono unakwenda.