Mageni Anayelala Amekaa

"Mama Davis, huyo jirani yako halali," Esta alisema pale bombani, huku akisuuza beseni lake la dagaa. "Anakaa kitandani wima kama mlinzi wa duara aliye mdomoni mwa shimo la dhahabu. Na kila saa anatoka uani. Mtu mzima, usiku wa manane, anakwenda wapi?"

"Labda ana miadi," mwanamke mmoja akadakia. Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Nelly alijikuta anamtoa mwanawe Davis mgongoni na kumkumbatia kifuani.

Mageni alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Mjane huyu alitoka kwao Mhunze akaja huku machimboni, na miaka kumi na minane sasa alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Nelly alipojifungua, ni yeye aliyemkanda kwa maji ya moto. Ukimwamkia shikamoo, atakujibu, "Marahaba mayu, mhola duhu," kwamba ni mzima tu, mama, hata kama anahema kama aliyekimbizwa. Ila tangu maneno ya Esta, Nelly hakumpa tena mtoto ampakate. Leo amelala, kesho ana mafua. Mageni hakuuliza.

Jumatatu moja asubuhi nyundo ikamponyoka. Akakaa chini, midomo imepauka.

"Mama Davis, nisindikize hospitali."

Nelly aliogopa kwenda, akaogopa zaidi kumwacha. Wakaenda.

Daktari alimpaka Mageni kitu cha baridi kifuani, akautazama moyo wake kwenye skrini. Akatazama na karatasi za kipimo chake cha mwaka jana.

"Mama, ile vali, mlango wa moyo, inavuja zaidi. Damu ikisukumwa mbele, nyingine inarudi nyuma. Moyo unafanya kazi moja mara mbili."

"Mbona naponda mawe kama kawaida?"

"Ndivyo moyo unavyodanganya. Moyo ni nyama, kama huo mkono wako. Kazi ikizidi unatanuka, unavumilia, miaka inapita hujui kitu. Halafu nyama inaanza kulegea. Yako imeanza. Upasuaji ni mwezi huu, nyama ingali ina nguvu. Ukichelewa, vali tunaweza kuibadilisha, lakini nyama ikishachoka sana huenda isirudi. Unalalaje?"

"Nimekaa. Nikijinyoosha nazama, kama niko majini."

"Na vile vidonge vya kutoa maji mwilini, unameza asubuhi?"

Mageni akainamisha kichwa. "Jioni, daktari. Kule kwenye mawe hakuna choo, na wanaume wamejaa. Nikimeza asubuhi nitakojoa wapi? Bora usiku nitoke uani kwangu."

Nelly akatazama sakafu. Uso ulimwaka. Kumbe safari zenyewe ndizo hizo.

Waliporudi walikuta karatasi ya daftari imechomekwa mlangoni. Mageni hakujua kusoma, akampa Nelly. Nelly aliishia darasa la saba, lakini maneno yale hata mtoto angeyasoma: UKIONDOKA USIRUDI. NYUMBA TUTAICHOMA.

Aliyasoma kwa sauti, kisha wakaingia ndani. Nje, mtu alipita akipiga mluzi. Nelly akasukuma komeo la mlango.

"Nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji," Nelly akasema. "Nitamwambia habari za vidonge."

"Mwambie. Atasikiliza." Mageni alijishika kifuani kama anayezuia kitu kisidondoke. "Lakini hawa hawaogopi maneno, mayu. Nikibaki, moyo utaniua. Nikienda, watasema nimekimbia. Nitarudi nimepasuliwa kifua nikute majivu. Kule kwetu nilishaona bibi mmoja akifanyiwa hivyo. Alikuwa na macho mekundu tu, wakamwita mchawi."

Davis alianza kulia. Mageni alinyoosha mikono, kisha akakumbuka, akairudisha mapajani.

"Najua kwa nini humleti tena mtoto," alisema taratibu. "Sikulaumu. Na ninalokuomba ni kubwa, ukikataa nitaelewa. Nikiwa hospitali, hamia humu. Mlaze Davis kwenye kitanda changu, mchana kweupe, mlango wazi, Esta na wenzake wamwone anavyolala na kuamka mzima."