Sibdou na Reli ya Kwenda Baharini

Katika kijiji chetu, upande wa Ziniaré, hakukuwa na mpika dolo wa kumshinda Sibdou Zongo. Pombe yake ya mtama mwekundu ilikuwa tamu, lakini kuinywa kulikuwa na gharama nyingine: maswali. Kabla kibuyu hakijakufikia, alishakuuliza umetoka wapi, mvua ya huko ikoje, na watu wa huko wanazikanaje.

Mwaka ule redio ilipotangaza kwamba nchi yetu si Volta ya Juu tena, sasa ni Burkina Faso, sisi wengine tulipiga makofi tu. Sibdou hakuridhika.

"Burkina ni neno letu Wamosi, mtu asiyepinda. Hiyo Faso je?"

Mchuuzi wa kola akamjibu, "Kijula hicho. Nyumba ya baba."

"Na sisi tunaitwa Burkinabè. Hiyo bè imetoka wapi?"

Mfulani mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake akacheka. "Hiyo yetu, dada. Angalau mmetuachia mkia!"

Baba yake, mzee Tinga, akaguna pale kwenye kigoda chake. "Majina! Mimi nililala Volta nikaamka Kodivaa, na sikutoka kwenye mkeka wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani Wafaransa waliifuta nchi yetu na kuigawa kwa makoloni yao ya jirani, sisi tukaangukia Kodivaa, ili wapate mikono ya mashambani na ya relini. Tinga, wakati huo kijana, alikamatwa akapelekwa kusini kubeba vyuma. Hayo ndiyo tuliyojua. Zaidi ya hapo hakuwahi kusimulia, hata kwa bintiye.

Basi serikali ilipowaita wananchi wajenge reli kwa mikono yao, kutoka Ouagadougou hadi Kaya, na zamu ya kijiji chetu ikafika, mzee alikasirika.

"Mimi niliibeba kwa viboko. Wewe unaifuata kwa miguu yako?"

"Nakwenda kuona, Baba."

"Kuona nini?"

"Inavyolazwa."

Msimamizi wa kazi alikuwa Toé, Msamo, na Wasamo ni watani wetu Wamosi tangu enzi na enzi. Alipomwona Sibdou tu, akapaza sauti.

"Karibu, mtumwa wangu! Umeleta mikono au mdomo mtupu?"

"Nimekuja kukagua watumwa wa babu yangu. Leo mmekula vichwa vya mbwa wangapi?"

"Tungekula vipi, na ninyi mmeviiba vyote!"

Watu wakacheka, kisha wakainama, wakainua chuma kwa pamoja. Kufikia mchana bega la Sibdou lilikuwa limevimba, lakini ulimi haukuchoka. Mbona kati ya chuma na chuma mnaacha upenyo? Toé akamweleza kwamba jua likikaza, chuma hutanuka, na kikikosa nafasi hujipinda.

"Na huko kusini inaishia wapi?"

"Abidjan. Baharini."

Sibdou akageuka kutazama kusini. Kaka yake Kouka alikwenda huko kulima kakao, na kwa miaka mingi zilirudi salamu tu.

Baada ya mavuno akapanda treni. Alimkuta Kouka karibu na Agboville, si mbali na Abidjan, kichwa kimejaa mvi, ana watoto waliokuwa wakimchekelea shangazi yao kila akifungua kinywa.

"Twende nyumbani, kaka."

"Nyumbani wapi? Hapa naitwa Mmosi. Huko kwenu nitaitwa mtu wa pwani. Na shamba la kakao halipandi treni, Sibdou."

Sibdou alilia usiku ule. Kulipokucha akaomba apelekwe baharini. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Yote haya ni chumvi? Na kwetu ng'ombe wanakufa kwa kiu!"

Kouka akacheka mpaka akajifuta machozi. Dada yake alikuwa hajabadilika.

Aliporudi, mzee Tinga hakumuuliza habari za bahari. "Umemwona kaka yako?"

"Nimemwona. Mzima. Harudi."

Mzee akachora mstari vumbini kwa fimbo yake. Kisha yeye, ambaye maswali ya bintiye yalikuwa yakimchosha, akauliza, "Mlipopita Banfora, kule karibu na mpaka, kando ya reli, hukuona rundo la mawe?"

"Tulipita gizani, Baba. Mawe ya nini?"

"Tulimzika pale rafiki yangu Yabré. Chuma kilimwangukia."

Kiangazi kilichofuata, baba na binti walishuka Banfora. Hapakuwa na rundo lolote. Pande zote yalikuwa mashamba ya miwa, na wakata miwa walikuwa wamepumzika kivulini. Tinga alizunguka na fimbo yake mpaka jua likawa kali, akakata tamaa, akaketi kati yao.

"Unatafuta nini, babu?" mmoja akamuuliza.

"Mtu tuliyelaza naye reli hii."

"Kwani hii si ya Wazungu?"

Sibdou alitaka kujibu, akachelewa. Baba yake alikuwa ameshaanza kusema, taratibu, akiwaonyesha mahali kamba za kubebea vyuma zilipomkata mabegani. Mambo mengi hata yeye bintiye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Treni yao ya kurudi ikapiga honi stesheni, ikaondoka. Hakuna aliyesimama. Mkata miwa mmoja akamenya muwa, akaukata vipande vidogo, akampa mzee ambaye meno yake yalikuwa yamebaki machache.