Kaa Chini, Ngongoti!

Watu wazima na meno yao, wana mabenchi ya kukalia, wakapanda juu ya hayo mabenchi na viatu vyao. Ptuu! Ukitaka kujua kinyaa ni nini usihangaike kwenda machinjioni. Nenda kwenye fainali ya vyuo, ukae nyuma ya vijana wa mabweni.

Huko ndiko alikokaa Ngongoti siku ile. Ngongoti si jina alilopewa na mama yake, ni la mtaani, kwa ajili ya urefu. Ni kinyozi. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa mabweni ya chuo: kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, mashine mbili, na rundo la mataulo meupe ambayo mkewe huyachemsha kila jioni. Wengi humsifu kwa mkono mwepesi, na mimi nitamsifu kwa hilo. Lakini nitasema na la pili: adabu yake ilipita kiasi. Mteja akikohoa, yeye ndiye anayeomba radhi.

Fainali ilikuwa ya mpira wa wavu, na binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa mchezaji. Tangu yuko mdogo alijifunzia kuanzisha mpira nyuma ya kibanda, juu ya kamba ya kuanikia mataulo. Baba alikuwa akisimama upande wa pili, taulo moja ameliinua juu, anamwambia, "Usitazame kamba, mama. Tazama taulo." Mtoto anapiga, mpira unavuka. Wakaenda hivyo mpaka chuo. Mechi zote za nyuma ukumbi ulikuwa mtupu, Ngongoti anasimama peke yake na taulo lake, binti anatupa jicho, anamwona, anapiga.

Asubuhi ya fainali msichana alipita kibandani na begi mgongoni.

"Baba, utakuja?"

"Nisije niende wapi?"

"Leo watajaa. Usipige kelele, wala usihangaike nikikosea. Simama tu nikuone. Nisipokuona mkono unanilegea."

"Nifichike mimi? Nikifichika mimi, mama, nani ataonekana?"

Binti akacheka, akaenda zake. Baba akachagua taulo jipya kabisa, akalikunja vizuri, akafunga kibanda mapema.

Alikuta ukumbi umejaa pomoni. Mbele yake vijana wa mabweni wamesimama juu ya mabenchi, na hawakukaa tangu filimbi ya kwanza. Ngongoti aliona visogo tu, na visogo vyote alivijua, maana alivinyoa mwenyewe. Jasho linawachuruzika mpaka kwenye mkanda wa suruali. Wanatema maganda ya karanga na mate pamoja bila kujali yanatua wapi. Mmoja kiatu chake kina matope mabichi, nayo ameyapaka pale pale ambapo kesho mtoto wa mwenzake atakuja kukaa na sketi yake.

Nyuma ya Ngongoti walikaa wakubwa: wazazi, walimu, na Mzee wa Mabweni, msimamizi wa vijana wale wale, ambaye kila wiki humletea Ngongoti vichwa kwa makundi. Na hao nao msidhani ni malaika. Walitukana matusi ya nguoni huku wamekaa kistaarabu, mguu juu ya mguu.

"Kaeni chini, nyie mbuzi!"

"Kama mmechoka nendeni mkalale!"

Chupa ikaruka kutoka nyuma, imefunguliwa, ikawamwagia wa mbele, na mengine yakamwagikia Ngongoti begani. Akanusa shati lake. Hayakuwa maji. Loo, watu wenye shahada zao!

Kila alipojaribu kuinuka, wa nyuma walimvamia. "Kaa chini, Ngongoti!" Mzee wa Mabweni akamvuta shati. "We kinyozi, tumekuja kutazama mgongo wako?" Ngongoti akakaa. Hata alipokwisha kukaa wakaendelea kupiga kelele.

"Nimekaa, wazee wangu!"

"Basi kaa zaidi!"

Akamgusa kijana wa mbele kwenye mguu. "Mwanangu, shuka kidogo, nimwone binti yangu." Kijana hata hakugeuka. "Simama na wewe, Ngongoti, nani kakukataza?"

Sasa angefanyaje? Wa mbele ni wateja, wa nyuma ni mteja anayeleta wateja. Ningekuwa yeye ningewatukana wote, kisha nikanyoe kondoo. Yeye akajikaza kisabuni, akakaa na taulo lake mapajani, akisikiliza mchezo wa mwanawe kama mtu anayesikiliza redio.

Mpaka seti ya mwisho. Wageni walibakiza pointi moja tu kushinda, na zamu ya kuanzisha mpira ikamwangukia binti yake. Mtangazaji alipotaja namba ya jezi, Ngongoti akalikunjua taulo. Akasema liwalo na liwe. Akasimama, akainua taulo.

Wakati huo huo kijana mmoja wa mbele, kwa hasira za ile chupa, aligeuka akatema nyuma. Kohozi zito, la kifuani. Likampita Ngongoti kwapani likamwangukia Mzee wa Mabweni chini ya jicho.

Mzee hakupiga kelele. Alifumba macho, akainua kidevu, vile vile anavyofanya kila wiki kwenye kiti cha kuzunguka, akasema, "Kinyozi, nifute."

Na mkono wa Ngongoti ukashuka. Hakuutuma, ulishuka wenyewe. Akageuka, akainama, akafuta chini ya jicho, akafuta shavu, akazunguka mpaka nyuma ya sikio kama ilivyo kazi yake. "Pole, mzee. Pole sana."

Vijana walipotambua waliyemtemea ni nani, walishuka mabenchini wote kwa mpigo, wakajikunyata. Ukumbi ukawa kimya. Filimbi ikalia. Ngongoti, bado ameinama, akasikia mpira ukipigwa, kisha akausikia ukigonga wavu. Wageni wakalipuka kwa vigelegele.

Alimngoja binti yake nje, karibu na lango. Binti alitoka wa mwisho, begi analikokota.

"Mama, nilisimama," Ngongoti alianza. "Haki ya Mungu nilisimama. Wale vijana ndio walionikinga..."

"Nilikuona, Baba."

"Uliniona?"

"Walikaa wote. Nilikuona vizuri kabisa. Ulikuwa unamfuta."

Hakulia, wala hakumkasirikia. Alitia mkanda wa begi begani akatangulia.

Ngongoti akatazama taulo mkononi. Alikuwa amelikunja vizuri, uchafu kwa ndani, kona juu ya kona, tayari kulipeleka nyumbani likachemshwe, Jumatatu limfute mtu yule yule. Kinyaa kikamshika, safari hii si cha kohozi la mtu, ni cha mkono wake mwenyewe. Akalitupa mtaroni, akamkimbilia binti yake akimwita. Msichana alikwisha kuvuka barabara.