Springi Zangu Chini ya Gari la Kaka

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nafundisha fizikia shule ya sekondari mjini Bariadi, na bado siku ya kwanza nilipofika gereji fundi aliniuliza, "Dada, mwenye gari yuko wapi?"

Mwenye gari nilikuwa mimi. Baba yetu aliiacha landrova yake kwangu, akasema hivyo mbele ya ndugu wote kabla hajafa, kwa sababu macho yake yalipoanza kufifia, aliyeshika usukani nilikuwa mimi. Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Alitazama ukutani. Yeye alikuwa na yake tayari, ya muundo uleule, anabebea pamba hadi kituo cha ununuzi Kasoli.

Landrova ile ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa mbele. Springi za mbele zilikuwa zimelala na kuwa ngumu kama reli. Ukipita kwenye barabara yenye mawimbi, kila wimbi unalihisi kwenye meno. Mimi ningevumilia, lakini mama alikuwa mgonjwa wa nyonga. Kila mwezi nilimchukua nyumbani Mwamapalala kumleta kliniki mjini, na safari nzima alikuwa amebana mdomo, mkono umeng'ang'ania dashibodi. Mara moja alilia. Mama yangu alimzika mume bila kulia mbele ya watu, lakini barabara ile ilimliza.

Nikaagiza Mwanza springi mpya, zile ndefu zenye majani machache mapana ya chuma, ambazo zinanesa badala ya kugonga, pamoja na shokomzoba zake. Zilipofika nilizifungua mwenyewe nikazipapasa. Wiki ileile mitihani ya muhula ilikuwa imeanza, nisingeweza kukaa gereji. Kaka akanipigia simu.

"Niachie mimi. Nitamsimamia fundi. Wewe sahihisha mitihani yako."

Nilimkabidhi gari na springi, nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilimshukuru.

Siku ya kulichukua gari nilikuta chini kunang'aa rangi nyeusi mpya. Nililizungusha mjini, kwenye lami, likaenda vizuri tu. Nilikuwa nimechoka, sikuinama kutazama. Jumamosi nikaenda kumchukua mama.

Hatukufika mbali. Kabla hatujatoka Mwamapalala kuna korongo dogo ambalo maji ya mvua yamekata barabara. Niliingia taratibu, gia ya kwanza. Nikasikia mlio kama wa risasi, gari likainama upande wa mama, usukani ukanivuta, tukaishia kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Mama alipiga kelele ambayo sitaki kuieleza.

Nilimtoa, nikamlaza kwenye kanga kivulini mwa gari. "Ng'wanone," aliniita, mwanangu, "niache kwanza. Usiniguse." Jirani akaja na mkokoteni wa ng'ombe, tukampandisha juu ya majani, akarudishwa nyumbani kwa mwendo wa ng'ombe.

Mimi nikaingia uvunguni. Jani kuu la springi lilikuwa limekatika vipande viwili. Pale lilipokatika, chini ya rangi nyeusi, kulikuwa na kutu ya miaka. Upande wa pili nikaona kibano cha chuma ambacho baba alikichomelea kwa mkono wake, kimepinda kidogo. Nilikuwepo siku anakichomelea. Zilikuwa springi zilezile za zamani, zimepakwa rangi.

Asubuhi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Bariadi, sanduku la spana la baba nimelipakata. Fundi aliponiona aliweka chini kikombe cha chai.

"Springi zangu ziko wapi?"

"Dada, mwangaluka. Kaa kwanza."

"Sikuja kusalimiana. Ziko wapi?"

Akatazama chini. "Muulize kaka yako. Alisema wewe gari unaliuza, kwa hiyo lipendeze tu kwa nje. Zile mpya nikamfungia yeye."

"Na wewe ukakubali."

"Aliyeniletea kazi ni yeye, dada."

"Mwenye gari ni mimi! Mama yangu alikuwa kwenye kiti cha mbele. Panda pikipiki. Ulizifunga wewe, utazifungua wewe, au twende polisi sasa hivi."

Alipanda.

Kasoli tulikuta foleni ya wauza pamba. Gari la kaka lilikuwa limeshashusha mzigo, limesimama pembeni, pua imeinuka juu, linajivuna. Niliinama nikaziona springi zangu, safi, zimeanza tu kushika vumbi. Kaka alikuwa anacheka na wenzake kwenye mizani. Aliponiona na fundi, kicheko kikaisha.

"Tutaongea nyumbani," alisema kwa sauti ya chini.

"Tutaongea hapahapa. Mama ameumia."

"Ameumiaje?"

Nilimwambia. Nilisema kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma, ili asiwepo mtu wa kusema hakuelewa. Watu waliacha magunia yao. Kwa muda mfupi niliona uso wake umeshtuka kweli, na kama angeishia hapo huenda leo tungekuwa tunazungumza. Lakini aliwatazama wale wanaume wenzake, akajinyoosha.

"Lile ni gari la baba, si lako. Mwanamke wa kufundisha darasani unataka springi za safari za nini? Mimi gari langu linalisha watu. Kama ni zako, haya, fungua."

Nadhani alitegemea nitalia.

Nilivua koti la shule nikalala chini kwenye vumbi. Fundi akapiga jeki, tukapanga magogo chini ya chesisi. Nati za kwanza ziligoma, nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana nikaning'inia nalo kwa uzito wangu wote mpaka zikaachia. Kiganja kilichubuka. Hakuna aliyenisaidia, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Kaka alizungukazunguka akipiga simu. Jua lilikuwa limepita utosini tulipoitoa ya pili, na shokomzoba nazo, nikazipakia kwenye guta la kukodi la magurudumu matatu.

"Na mimi nitarudije?" aliuliza.

"Mama alirudi na mkokoteni. Tafuta wako."

Nilizifunga palepale shambani Mwamapalala kesho yake, fundi akifanya kazi bila kunitazama usoni. Nilikagua kila nati. Kisha nikaliendesha hadi nyumbani, nikaingia ndani kumwambia mama kwamba gari liko tayari.

Alikuwa amegeukia ukuta. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Umemvua nguo kaka yako mbele ya watu," alisema.

"Mama, alikuibia wewe. Zile springi zilikuwa za nyonga yako."

"Najua. Ungeniambia, ningemwita hapa, ningemsema mimi. Wewe umempeleka sokoni. Nenda ukamwombe radhi."

"Siendi."

"Basi na mimi sipandi gari lako."

Alikaa siku tisa hapandi. Siku ya kumi maumivu yalimshinda, akatoka mwenyewe na fimbo, akaingia mbele. Niliendesha hadi Bariadi. Landrova ilielea juu ya mawimbi yale, na mkono wake haukushika dashibodi hata mara moja. Nililiona hilo, na yeye alijua kwamba nimeliona.

Kliniki muuguzi alimuuliza, "Bibi, leo barabara imekutesa?"

"Leo hapana," alijibu mama, akitazama dirishani.

Radhi sijaomba. Kaka naye hajawahi kutamka neno samahani, wala kwa mama. Tunapokutana msibani anapitia mlango mwingine. Watu wananiambia damu ni damu, nimalize. Labda siku moja nitamaliza. Lakini kwanza nataka aje asimame mbele ya mama aseme alichofanya, kwa maneno yake mwenyewe, bila kumsingizia fundi.