Moto Mdogo

Shangazi yangu hakupenda kuharakishwa. Kwenye karakana ya baba, ambaye ni kaka yake, mafundi walimwita Moto Mdogo, wakidhani wanamkejeli.

Karakana ilitengeneza mikasi ya hospitali kwa chuma kisichoshika kutu. Mikasi ilipendeza machoni, lakini ilikuwa laini na ilipoteza makali upesi. Shangazi akaunda tanuri lililozibwa kabisa, akawa anapitisha gesi juu ya mikasi kwa joto la chini, kutwa kucha, mpaka chuma kiinywe na kuota ngozi ngumu. Alihangaika nalo mwaka mzima. Mara mlango unavuja, mara mikasi inatoka na mabaka kama ndizi mbivu. Siku tanuri lilipokubali, mkasi wa kwanza alimpelekea bibi, mama yao, autumie jikoni. Aliniambia alicheka peke yake njia nzima.

Sharti lake lilikuwa moja: moto usiongezwe. Ukiongezwa, ngozi inakuja haraka, na ngumu kweli, ila kinga ya kutu inakufa ndani kwa ndani, na kwa macho huoni kitu.

Bibi akaugua, shangazi akaenda kumuuguza. Baba akabaki na oda ya hospitali, naye hana subira hata ya chai kupoa. Akazungusha kitufe cha joto mbele ya mafundi wote.

"Dada anaibembeleza mno hii mashine," alisema. Mafundi wakacheka. Nani atambishia bosi?

Shangazi alipokuwa amesharudi kazini, mikasi nayo ikarudi, imeshika kutu. Mtu wa hospitali aliimwaga mezani, akauliza nani anahusika na tanuri.

"Mtaalamu ni dada yangu," baba akasema, macho kwenye viatu vyake.

Shangazi alimsubiri aendelee. Baba akaanza kuiokota mikasi. Kama angemtaja kaka yake, hospitali isingemwamini tena bosi, karakana ingefungwa, na sote tulikula humo.

"Tanuri ni langu," akasema.

Hospitali ikataka asiguse kazi yao tena, na baba akakubali bila hata kuvuta pumzi. Siku hizi tanuri lile ni kabati la makopo ya rangi. Mimi sijamsamehe baba. Shangazi huniambia niache, eti mzazi ni mzazi. Niache nini?

Juzi tulikuwa kwa bibi, ambaye alipona ila kumbukumbu zinampotea. Baba alikuwa anakata mboga, anajifanya mtoto mwema. Mkasi aliotumia, ule wa bibi, hulala kwenye maji ya vyombo kila siku, na haukuwa na doa hata moja. Baba akaugeuzageuza dirishani.

"Huu ndio mkasi sasa! Mama, umeupata wapi?"

Bibi akamgeukia shangazi. Shangazi alikuwa anasugua sufuria, na hakuinua kichwa.

"Sokoni," shangazi akasema.